Sita ya Chini ya Kabati

Yohana, mume wangu,

Nakuita hivyo ingawa hakuna tena wa kuniitikia "naam, mke wangu". Bibi asiye na mjukuu wa kumtania huzeeka haraka, nami nilikuwa nimeshazeeka kabla hujaondoka. Miguu imevimba. Daktari anasema moyo umechoka, na kwa jinsi alivyosema huku akitazama dirishani, nimeelewa. Nakuandikia sasa wakati mkono bado unatii, maana kuna jambo la mezani kwetu ambalo sijamwambia mtu.

Ni kuhusu Lugendo, mhusika wako.

Uliniletea mchezo ule wa kusimuliana hadithi kwa dadu kutoka mtandaoni, umejaa mazimwi yenye mabawa na ngome za barafu, ukasema, "Bibi, umefundisha historia maisha yako yote. Tutolee haya mazimwi, tuwekee Ugogo." Nikawa msimulizi. Wewe na rafiki zako mkajitungia wahusika, kila mmoja na alama zake za kugawa kati ya nguvu, akili na moyo. Wewe ulizimwaga karibu zote kwenye nguvu. Nilikucheka, nikasema mjukuu wa mwalimu amejichagulia kichwa cha mbuzi. Hukucheka. Ulisema, "Nataka nikimbie bila kuumwa."

Wewe uliyezaliwa na selimundu, uliyekuwa ukirudi kutoka karakana ya Kizota umejishika kiuno. Basi Lugendo akawa mpeleka habari wa zamani, anayekimbia kutoka Mpwapwa hadi Kilimatinde bila kukaa chini. Kila Jumamosi baada ya chakula, sebuleni kwangu hapa Makole, ulikuwa na mwili mzima.

Sheria nilitunga mimi, na ya kwanza ilitokana na rafiki yako Festo, mtani wetu Mhehe. Alikuwa akirusha dadu kwa nguvu makusudi ili idondoke, kisha anatambaa chini ya meza na kupiga kelele, "Sita!" Kila mara sita. Ukamuuliza, "Mla mbwa wewe, umeiona au umeinusa?" Akajibu kwamba Mgogo hana haki ya kuuliza, kazi yake ni kuomba. Nikaamua: dadu ikidondoka sakafuni haihesabiwi, inarushwa tena, na anayerusha ni mwenye mhusika. Tangu hapo kila bahati ya uongo tukaiita sita ya Kihehe. Hata mimi, siku nilipotaka kurudia kwa kuwa ni mkubwa wenu, ulinikatalia. "Dadu haina shikamoo, Bibi."

Sasa nije kwenye mto.

Mhusika wa Festo alikuwa amechukuliwa na mafuriko ya Kinyasungwe, na Lugendo akajitosa kumfuata. Kwa nguvu ulizokuwa nazo ulihitaji tatu tu. Tatu, nne, tano au sita, unatoka. Ulirusha ile dadu uliyoichonga mwenyewe kwa mti wa mninga, ikagonga ukingo wa meza, ikaingia chini ya kabati la vyombo. Festo alikuwa anainama kuitafuta pale maumivu yalipokukamata. Ulijishika mgongo, uso ukabadilika, lakini ukacheka. "Niache hapa hapa majini, Bibi. Jumamosi nitarusha tena."

Hukurudi kutoka hospitali.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, nilikuwa nafagia. Nikainama na tochi, nikaiona. Ilikuwa imekaa juu ya vumbi, imeonyesha sita.

Sikuigusa. Nilifagia kuizunguka. Wajomba zako walipotaka kusogeza kabati wapake rangi ukuta niliwafokea kama watoto wa darasa la pili. Wenzako nikawaambia nimeitafuta chini ya kabati, dadu yako imepotea, tukawa tunatumia ya plastiki iliyotoka kwenye ludo. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, mke wa mchungaji, na nilikuwa nimeficha sita ya Kihehe kwenye sebule yangu.

Na sikutaka mto upungue. Kila Jumamosi niliwapeleka wahusika wengine kwingine, mara harusini, mara mnadani kuuza ng'ombe, kwa sababu mvua ilikuwa bado inanyesha. Unamjua Mwanaidi wetu wa Kondoa, hana haya. Alisema, "Samahani, Bibi, hii mvua isiyokatika ni ya Dodoma hii hii tunayokaa sisi?" Walicheka. Mimi nilikwenda jikoni, nikasimama karibu na sufuria mpaka nikaweza kurudi. Nisingeweza kukuzamisha. Wala nisingeweza kukutoa kwa uongo, maana ungejua.

Jumamosi iliyopita Festo alikuja amevaa koti lako.

Lile lile alilolivaa msibani, alipozuia jeneza mlangoni kama mtani anavyotakiwa, akatembea uani amejishika kiuno, akaniuliza kwa sauti yako, "Mke wangu, huu uji umeutia chumvi au umelilia humo?" Siku ile waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka, nami nikampa uji kwenye bakuli lako. Sasa akaketi kwenye kiti chako, akasema, "Mke wangu, nimelowa. Utaniacha majini mpaka lini?"

Nilitaka kumpiga kwa bakora. Nikasema sheria ni sheria, kila mtu humrushia mhusika wake. Mwanaidi akanitazama. Festo hakuacha sauti yako. "Kwani mimi ni nani? Waulize Wagogo wote waliokuwa msibani. Uliza bakuli."

Mtani husimama mahali pa marehemu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemkubali. Akachukua dadu ya plastiki, akairusha polepole katikati ya meza, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake.

Mbili.

Yohana, kabati lilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Nilichotakiwa kusema ni "sogezeni kabati" tu. Nani angenikatalia? Mdomo ulifunguka. Nilisikia pumzi yangu ikipita ndani yake. Kisha nikakusikia ukisema dadu haina shikamoo, nikaufunga.

Dadu ilikuwa imeamua kwamba hutoki. Namna ya kwenda iliachwa kwangu. Nikasimulia kwamba Lugendo alimfikia mhusika wa Festo, akamsukuma hadi kwenye mizizi ya ukingoni, na ndipo maji yakamchukua, na kwamba hakuumwa popote. Nilisema hivyo mara mbili. Yalipopungua, wanawake wa Gulwe walimkuta kwenye mchanga, wakamfunika kwa nguo zao wenyewe. Mwanaidi alilia kwenye ushungi wake. Festo alivua koti lako, akalikunja, akaliweka kwenye kiti, na hakufanya mzaha wowote mpaka alipoondoka.

Sijui kama nilikuwa mwaminifu au mkatili. Hilo halinitoki. Mtoto anayezama una haki gani ya kumwekea sheria? Lakini kule hospitali nilimwomba Mungu arudie, nikampigia magoti arudie, na hakurudia. Nilikuwa na hasira naye hata siku nilipokuwa nimeketi kanisani kiti cha mbele. Labda nilitaka mezani kwangu nipewe nilichonyimwa kule, na nilipoweza kujipa, nikaona haya mbele yako.

Juzi niliivuta dadu yako kwa ufagio. Iligeuka ikitoka, na sikutazama imekuwa ngapi. Nimempa Mwanaidi. Atasimulia yeye nikishindwa kusema, na nimemwambia mvua imekatika.

Lala, mume wangu. Sita ile tunaijua wawili. Na siku yangu ikifika, hata ikiwa ni wiki hii, nakuahidi sitaomba kurusha mara ya pili.

Mkeo,
Bibi