Mama Eti na Jioni ya Kinanda Klabuni

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipoacha chai nusu kikombe ukasema unajilaza kidogo, usiamke tena. Kikombe tulikiosha siku ya tatu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukigusa.

Mtaani walikuita Mama Eti, maana hukuwa na swali lisiloanza na neno hilo. Eti, mkate unapataje matundu? Eti, fundi bomba anajuaje pa kuchimba? Muuza duka akikuona unakuja aliweka kalamu chini kabisa, kwa kuwa alijua robo saa nzima hatahudumia mtu mwingine. Pasi ya nyumbani uliifungua mara mbili uone kilichomo, na mara ya pili haikurudi kuwa pasi.

Miaka ishirini na sita ulipokea simu pale hospitali. Madaktari uliwajua kwa sauti kabla hujawajua kwa sura. Ukimuunganisha mtu mwenye wasiwasi ulikuwa ukimwambia, "Usikate, nipo hapa hapa." Kisha ghafla ukaomba uhamishiwe masjala, kwenye mafaili. Hukutueleza sababu. Tulidhani umekorofishana na bosi.

Leo tunakumbuka zaidi jioni moja, ile ya kinanda, kwa sababu Baba haishi kuisimulia, na kila akiisimulia kinaongezeka kitu ambacho hatukukijua.

Siku hizo Baba alikuwa amenuna, karibu mwaka mzima. Akikusemesha, wewe unatabasamu na kujibu mengine. Siku moja alikuambia mgongo unamuuma, ukamjibu kwamba blanketi liko kabatini, rafu ya chini. Hata maswali yako yalikuwa yameisha nyumbani, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mgongo. Aliona umemchoka. Akaanza kula peke yake sebuleni, televisheni ikiwa imewashwa.

Jumamosi ile alikusindikiza kwenye klabu ya mtaa, kusikiliza kinanda, kwa kuwa mdogo wako, uliyepanga kwenda naye, alikuwa na mafua. Ukumbi ni ule wa tenisi ya meza. Meza ilikuwa imekunjwa na kusukumwa ukutani, viti vya plastiki vimepangwa. Mpigaji alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mwembamba, miguuni ana soksi bila viatu. Kinanda chake cha umeme kilikuwa na safu mbili za vibao vya vidole, na chini, karibu na sakafu, safu ya mbao ndefu za kukanyaga. Mikono inafanya lake, miguu inafanya lake. Kila upande kulikuwa na spika ya kimo cha mtoto.

Kwenye wimbo wa pili ulivua viatu. Baba aliona. Kwenye wimbo wa nne ukainuka, ukapita katikati ya watu miguu mitupu, ukaenda kuweka kiganja juu ya spika. Kisha ukainama, ukaitazama miguu ya mwalimu kama unayetafuta sindano iliyoanguka. Watu wakacheka chinichini. Baba anasema alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wimbo ulipokwisha mwalimu aligeuka, akakuuliza kwa upole kama spika inakusumbua, apunguze sauti.

Ukamjibu, "Ndiyo, nimekuja na mume wangu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba hakucheka. Jibu lile lilimkumbusha la kabatini, na mengine yote ya mwaka ule, na hapo akaelewa kwamba hukuwa umemchoka. Ulikuwa husikii.

Akainuka, akaja kusimama mbele yako, uso kwa uso, akakuuliza polepole, "Tangu lini?"

Ulikuwa ukiutazama mdomo wake. Badala ya kumjibu ulimshika mkono, ukauweka kwenye spika kando ya wako, ukamwomba mwalimu apige zile sauti za chini kabisa. "Eti," ukamwambia Baba, "na wewe inakupanda mpaka kwenye kiwiko?"

Akasema inapanda.

Wakati wa mapumziko mlikaa kwenye ngazi za nje. Ukamweleza kwamba lilianza sikio la kushoto, la kulia likafuata. Kwamba siku moja kazini mtu aliomba wodi ya wazazi, wewe ukamuunganisha na chumba cha upasuaji, akakaa dakika kumi akiamini mkewe anapasuliwa. Alikuja mpaka dirishani kwako akiuliza kama yu hai. Kesho yake ukaomba kwenda masjala. Baba akauliza kwa nini ulimficha. Ukasema uliona haya, ila pia ulitaka kujua ni sauti zipi zinatangulia kuondoka. Ukatoa daftari dogo mkobani. Humo uliandika: bomba la jikoni likivuja, ndege wa alfajiri, kijiko kwenye kikombe, mjukuu kwenye simu. Mstari wa mwisho ulisema, "Yeye, akiongea huku amenipa mgongo."

Baba aliusoma ukurasa ule mara mbili. Tangu siku hiyo hakuwahi tena kukusemesha bila kugeuka. Hata akiwa anakaanga vitunguu aligeuka kwanza, na vitunguu vingi viliungua.

Daktari wa masikio alikupa kifaa, kikasaidia kiasi chake. Klabuni mkawa mnakwenda kila mwezi. Mwalimu alikuwekea stuli upande wa miguu, ukamuuliza maswali mpaka akaona heri akuachie ukanyage mwenyewe. Nyumbani ulichora zile mbao kwa chaki chini ya meza ya chakula, na sisi tulikula huku miguu yako ikitupiga. Mwezi wa nane wewe na mwalimu mlipiga wimbo mzima mbele za watu, yeye kwa mikono, wewe kwa miguu, ukiyatazama mabega yake ujue pa kuingia. Wote tulikuwepo. Ulikunja uso kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona, na ulipomaliza ulikuwa unahema.

Jumamosi iliyopita Baba alirudi klabuni kwa mara ya kwanza tangu utuache. Alikaa mstari wa mbele. Watu walipoanza kutoka alimfuata mwalimu, akamuuliza jambo lililomkaa moyoni muda mrefu: siku ile ulipiga sawasawa, au watu walikupigia makofi kwa huruma?

Mwalimu alikizima kinanda.

"Alikosea mara moja," akasema. "Nikamtazama, akanitazama. Alifanya makusudi. Alitaka kuona kama nitamfuata."

"Ukafanyaje?"

"Nikamfuata. Mpaka leo naupiga vile alivyoukosea."

Unakumbukwa na mume wako; watoto wako watatu, fundi umeme, muuguzi na kitinda mimba wako aliye chuoni; mdogo wako; wakwe zako; wajukuu wako wanne; na wenzako wa chumba cha simu na wa masjala. Tunakukumbuka, Mama, na tutakukumbuka siku zote tutakazojaliwa kuishi.