Maji ya Appatha

Mtaa wa Kaskazini,
Melakkulam, karibu na Kumbakonam.
7 Agosti 2005

Mpendwa mpwa wangu Poongodi,

Anayekuandikia ni mtu ambaye bila yeye bwawa la hekalu letu lingekuwa leo uwanja wa mbuzi. Wafalme walilichimba miaka elfu iliyopita, sikatai, lakini maji yaliyomo sasa yameingizwa na pampu niliyoifufua kwa mikono yangu. Wahandisi watatu wa mjini walishindwa. Darasa langu la tano likatosha.

Hujambo lakini huko Penang? Miguu imeacha kukuvimba kwa kusimama wodini? Na kifua cha mama yako kimetulia? Sisi tuko salama, ila goti la mkaza-mjomba wako Valliyammai linamsumbua, na kisa cha goti anasema ni mimi.

Nadhani unajua mama yako alinituma bwawani siku ya giza la mwezi wa Aadi, siku ya kuwakumbuka wafu, nikampe maji Appatha, marehemu bibi yetu aliyetulea. Mwanamke haketi kwenye mstari wa wanaowapa wafu maji, kwa hiyo dada yangu hana mkono mwingine ila huu wangu.

Nilishuka ngazi zote sitini, nikazama mara tatu, na samaki mmoja mkubwa kama ndama akanipisha. Tukaketi wanaume ishirini vifua wazi, ufuta kiganjani, pete ya nyasi kidoleni. Kuhani akawa anapita kwa kila mmoja kuuliza majina ya marehemu wake, maana maji yale humfikia yule aliyetajwa jina.

Kwa wanaume niling'ara. Nikamtaja baba, nikamtaja babu, nikamtaja na baba wa babu, Veerappan aliyemfukuza chui kwa mwiko.

"Jina tu, mzee," kuhani akasema. "Chui hahitaji maji. Haya, mama yako?"

"Sellammal."

"Bibi mzaa baba?"

"Appatha."

"Kila mtu hapa humwita bibi yake Appatha. Jina lake nani?"

Poongodi, nilitafuta, sikuona kitu. Babu alikuwa akimwita "sikia wewe". Majirani walimwita mama wa fulani. Mimi nilimwita Appatha miaka kumi na minane, nikila wali wa mkono wake, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza.

Jirani yangu Sokkan, fundi baiskeli, alikuwa kando yangu. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya bwawa, "Kathirvel bwana, mwiko wa chui unaujua, aliyekupikia humjui?"

Mstari mzima ukacheka. Kuhani hakucheka, alingoja tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikataja jina. Akamwaga maji mara tatu kwa jina hilo.

Nyumbani nikaweka wali ukutani kwa ajili ya kunguru, ili tujue kama wazee wamepokea. Kunguru akatua kwa Sokkan, akala, akapangusa mdomo, akaruka juu ya ukuta wetu bila hata kugeuza shingo. Jua likazama na wali uko palepale.

Mama yako alipopiga simu nilimwambia kunguru walikuja kumi na mmoja. Alilia kwa furaha.

Ndiyo sababu naandika kwako. Muulize mama yako jina la Appatha kwa ujanja, kama jambo la kupitisha muda mkikata mboga. Usimwambie ni mimi nimeuliza. Ukinijibu mapema, mwezi ukiingia giza tena nitashuka ngazi zile na jina lake, na Sokkan acheke mpaka achoke.

Nisalimie sana mama yako Rukkumani, mumeo Elango, na mtoto. Valliyammai anakubusu kipajini. Mungu mwenye bwawa akulinde miguu na akuongezee miaka yangu niliyoichezea.

Wako akupendaye hata akiwa na aibu,
Mjomba Kathirvel

Tena, kabla sijafunga bahasha. Lile jina nililompa kuhani ni Pattulakshmi. Sikulikumbuka kutoka popote. Nililisoma kwenye mfuko wa duka la sari ambamo mtu wa mbele yangu alikuwa ametia nguo zake kavu.