Mke wa Bwana wa Kyburg

Guangzhou, 3 Machi 2024

Mpendwa Mkaza Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo mama? Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila haya zimenibana kwa kutofika kumzika Mjomba Kasmir.

Mwisho wa wiki, nisipokuwa na masomo chuoni, nina kibarua Nansha, pembeni mwa jiji hili, kwenye maonyesho ya ngome za kale za Uswisi. Nawaeleza wageni nani alimiliki ipi. Watoto wa Kichina wananiita "laoshi", yaani mwalimu! Niipendayo ni Kyburg. Bwana wake, Hartmann, alifariki mwaka 1264 bila mtoto. Akarithi nani? Rudolf, mtoto wa dada yake, ambaye baadaye akawa mfalme. Kumbe na Wazungu walikuwa Waluguru, mpwa anamrithi mjomba!

Basi mama, nadhani wazee wa ukoo wamekwambia kuhusu nyumba ya Kilakala. Nimekubali kuirithi. Wapangaji wakiingia, wewe utahamia chumba cha uani. Naandika kwa sababu kwenye simu ningeshindwa kulisema.

Mpwao,
Thomas

Morogoro, Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Mwanangu Thomas,

Milele amina. Mgongo haujambo. Nimefurahi kusikia unafundisha. Zamani ulikuwa ukimsimulia mjomba wako mpaka uji unapoa.

Wazee walikuja. Chumba cha uani nafugia vifaranga, na bati lake unalijua, maana hata wewe ulikataa kulala humo mvua ikinyesha. Mila za watu sibishani nazo. Ila nyumba hii tuliijenga wawili, na matofali nilibeba mimi.

Nikuulize: huyo Hartmann hakuwa na mke? Hukumtaja. Wazee wanarudi baada ya Pasaka. Nitawajibu utakavyoniambia wewe.

Mama yako,
Mkaza mjomba

Guangzhou, 9 Juni 2024

Mpendwa Mkaza Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo mama? Nakuuliza hali na uso sina.

Mke alikuwepo. Aliitwa Margareta, wa ukoo wa Savoy. Mumewe alimwachia mali za kumtunza, Rudolf akazing'ang'ania, mpaka nduguze mama yule wakaingia vitani kwa ajili yake. Nilijua, mama. Nilikuwa namruka kwa sababu hadithi inanoga bila yeye. Barua yako ilipofika nikaificha chini ya mto bila kuijibu, na kila Jumamosi nikifika kwa Rudolf nawapeleka wageni haraka kwenye ngome nyingine.

Leo nimewapigia wazee. Nimewaambia nyumba ni yako maisha yako yote. Wakaguna tu. Usihame mama. Nisamehe.

Mpwao na mwanao,
Thomas

Mahenge, 2 Julai 2024

Thomas,

Milele amina. Mimi sijambo. Barua yako imenifuata huku kwa kaka zangu, ameileta katekista.

Wapangaji wako waliingia mwezi wa tano. Vifaranga nimewagawia majirani. Ufunguo anao mzee wa ukoo.

Sina vita na wewe. Ndugu zake Margareta walipigana. Wangu walikuja na pikipiki kubeba godoro, na siku hiyo nilishindwa kuwatazama usoni. Kila wazee walipokuja nilikuwa nawaambia, subirini, mwanangu ataandika. Mwisho nikaona haya kulirudia.

Mungu akusaidie masomo.

Sesilia