Chai ya Saa Tatu, ya Saa Tano na ya Saa Nane

Manchester, Alhamisi, 17 Desemba

Shangazi Hilary,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi hii? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechoka.

Nakuambia wewe kabla sijamwambia baba: naacha uongozi wa vijana. Miaka mitatu inatosha. Nimefagia ukumbi wa sinagogi, nimefuta makamasi ya watoto wa watu, na kila kikao kinaishia kwenye ubishi wa nani anakula nini. Kesho naenda Uskoti na wenzangu wawili kuandaa nyumba ya kambi. Jumapili kamati inakutana hukohuko, na hapo ndipo nitasema.

Wenzangu wenyewe ni Jonty, ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati tangu azaliwe, na Elkan, anayeshika kila sheria ya dini hadi zile ambazo hazijaandikwa. Siku nzima ndani ya gari moja na hao! Niombee.

Binti wa kaka yako,
Dalia

Bournemouth, Alhamisi jioni

Dalia mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, lakini halikufikii wewe.

Kuacha ni haki yako. Ila ukiondoka, tawi la vijana la Manchester limekufa, na hilo unalijua. Naomba kitu kimoja tu: usiseme ukiwa na hasira. Na mfike kabla Sabato haijaingia. Mwezi huu jua la huko halina subira.

Shangazi yako

Njiani, Ijumaa, saa tisa na dakika ishirini alasiri

Shangazi,

Shikamoo, naandika haraka, jua linazama na hatujafika!

Kosa ni la kuku. Saa mbili asubuhi Jonty alitoa kuku wa kukaanga wa mama yake, tukala wote. Sasa sisi Wayahudi ukila nyama unasubiri ndipo unywe maziwa, na kila ukoo una muda wake. Kina Jonty, watu wa Uholanzi, husubiri lisaa limoja. Sisi matatu, kama unavyojua. Kina Elkan, wa Polandi, masaa sita. Na hakuna kati yetu anayekubali chai bila maziwa. Basi saa tatu tukasimama Jonty anywe chai. Saa tano tukasimama ninywe mimi. Saa nane Elkan akasema, kwa upole wake ule unaoudhi, "Jamani, na mimi zamu yangu imefika." Nusu saa anapuliza kikombe!

Juu ya hayo, Jonty amebeba ratiba ya Sabato ya Manchester, wakati huku jua linatangulia kuzama. Tumebakiza dakika ishirini na tano kufika, na jua limebakiza kumi na tatu. Sabato ikishaingia gari haliendeshwi, basi Elkan ameshuka kwenye nyumba ya wageni iliyo peke yake porini. "Nyie nendeni," anasema, "mimi nabaki." Huko mbele kuna joto na jiko. Jonty ananiangalia mimi. Kwa nini kila kitu mimi?

Mwanao,
Dalia

Bournemouth, Ijumaa hiyohiyo

Mwanangu,

Mmeamua nini? Nawasha mishumaa sasa hivi, sitagusa simu mpaka Sabato itoke. Utanifanya nisile.

Shangazi yako

Jumamosi, 19 Desemba, nyota zimeshatoka

Shangazi,

Shikamoo. Umeshindaje, na ulikula?

Tulibaki wote. Usinisifu. Nilishusha mabegi nikimtukana Elkan kimoyomoyo na Jonty kwa sauti. Tulikula mkate na samaki wa kopo, na mwenye nyumba, Bi Farquhar, akatuuliza kama tunamkimbia mtu.

Lakini leo ndiyo iliyonimaliza. Aliyekutwa na Sabato porini haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita moja hivi kutoka pale. Basi tulitembea mpaka geti la zizi la kondoo, tukageuka. Tukarudi, tukageuka tena. Mara tisa! Jonty akasema, "Hata kondoo wametuchoka." Hakuna simu, hakuna gari, hakuna pa kukimbilia. Nikawapa zao. Vyungu vyote nilivyosugua peke yangu, vikao vyote walivyochelewa. Nikamwambia Elkan, "Wewe unatuchelewesha maisha yetu yote."

Akatembea mpaka getini. Kisha akasema, "Najua, Dalia. Ndiyo maana kesho nitaiambia kamati naondoka. Siku zote watu huendelea na safari, mimi nikabaki. Jana ni mara ya kwanza watu kubaki na mimi. Nimeona aibu."

La kwangu sikumwambia. Jonty alilia, mjinga yule, akasingizia upepo.

Mwanao,
Dalia

Bournemouth, Jumapili asubuhi

Dalia,

Nilikula kidogo. Kwa hiyo mko wawili mnaotaka kuondoka? Atakayesema kwanza atamfunga mdomo mwenzake. Niandikie kikao kikiisha.

Shangazi yako

Bournemouth, Jumatatu jioni

Dalia! Mzima wewe? Nimeangalia simu hadi macho yanauma.

Shangazi yako

Nyumba ya kambi, Jumanne, 22 Desemba

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe sana. Watoto thelathini na wanne wamefika, wawili wametapika kwenye basi, na bomba limeganda.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye jingine. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Elkan akanitangulia kunyoosha mkono. Shangazi, miaka mitatu namwombea mtu huyu aende zake, na sasa anakwenda kweli, naogopa kama mtoto! Nikamkanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu zangu zote.

"Dalia ana neno," akasema, machozi yanamlengalenga.

Wote wakanigeukia. Nikasimama, nikasikia mdomo wangu unaomba sisi watatu tupewe kambi ya kiangazi, wiki tatu, na tusitenganishwe. Jonty akapiga makofi peke yake. Katibu akaandika.

Huko nje Elkan akaniuliza, "Kweli ulitaka nibaki?" Nikamwambia asinichoshe, aende akamenye viazi. Akaenda anaimba. Anaimba vibaya sana, Shangazi, na nimejiombea mwenyewe wiki tatu za kumsikiliza.

Mwanao,
Dalia