Elise, Rehani Yangu

Mwanangu Elise,

Amahoro, amani iwe kwako. Hapa Rumonge tuko salama, kuku waliokuwa wakikukimbia wako salama, na habari ya Goreti nimekuwekea mwishoni kusudi usome barua yote. Nakujua. Ulikuwa ukimaliza samaki kwanza, ugali unauacha sahanini unatutazama.

Nikukumbushe ulivyofika kwangu. Goreti, binti yangu wa pekee, anayesomea udaktari wa watoto, aliniambia kuna mpango wa kubadilishana: yeye aende Uswisi kwenye hospitali yenu wiki chache, alale kwenu, na daktari mwanafunzi wa huko aje kwenye hospitali yetu, alale kitandani kwake. Akasema, "Ni muda mfupi tu, mama."

Angesema neno lingine lolote ningelala usingizi. Mama yangu mzazi aliondoka Gatete mimi nikiwa mgongoni, akamwomba jirani amwangalizie kuku, kwa kuwa tunakimbia machafuko, tunavuka mpaka kwenda Tanzania kwa muda mfupi tu. Nilirudi nikiwa mke wa mtu, Goreti anasoma shule. Kuku hatukuwakuta.

Kwa hiyo siku ulipoteremka garini na begi lako kubwa kuliko wewe, majirani waliona mgeni. Mimi niliona rehani. Nilijisemea, huyu akiwa mkononi mwangu, wangu atarudi. Ndiyo maana nilikulisha vile. Kila kijiko cha mawese nilichokumiminia kwenye maharage, nilikuwa naomba mama yako naye awe anammiminia wangu chochote walicho nacho huko. Wewe ulidhani ni ukarimu.

Unakumbuka ile siku ulirudi kutoka wodini umenuna? Kulikuwa na mtoto kutoka Kabonga, mgonjwa wa mapafu. Uliuliza mama yake ni nani, wakasimama wanawake wanne. Ukadhani wanakutania. Kisha, kwa adabu zako, ukamwita kila mmoja pembeni ukamwuliza mimba ilikwendaje na alijifunguaje. Wote wakakujibu, maana uliwauliza vizuri. Wa kwanza alijifungua salama, wa pili alipasuliwa, bibi akakusimulia uzazi wa zamani kabisa, na jirani akakueleza mapacha wake. Kwa maandishi yako yule mtoto alizaliwa mara nne, na mara moja walikuja wawili.

Tulipokaa mezani ukaniuliza, kwa Kiswahili chako ulichookota wodini, "Mama, huyu mutoto iko na mama ngapi?"

"Wote wenye kumuletea chakula," nikakujibu.

Ulitafuna, ukafikiri, ukasema, "Basi hata wewe ni mama yangu."

Nikainuka kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani, Elise, mbele ya macho yangu, lakini sikuwa na uwezo wa kuiona wakati ule. Baadaye ulinieleza kwamba dawa za yule mtoto hazikusahaulika hata mara moja, kwa sababu mama mmoja akisinzia mwingine yuko macho, na kwamba alitoka hospitalini anavuta masikio ya bibi yake. Nilifurahi kana kwamba nimemtibu mimi.

Halafu ile siku ulipompigia mama yako simu ya picha. Nyuma yake nikamwona Goreti amevishwa sweta nene kama godoro. Mimi na mama yako hatukuwa na lugha hata moja ya kutuunganisha, basi nikaushika mkono wako nikauinua, aone ulivyonenepa. Yeye akamgeuza Goreti upande, nione shavu. Tulikuwa kama wachuuzi wawili sokoni, kila mmoja anatangaza mali ya mwenzake. Nyinyi mabinti mlicheka mpaka simu ikakatika. Mimi sikucheka sana, nilikuwa nalipima lile shavu.

Ndipo nikasikia kwamba staji yako, yale mafunzo ya hospitalini, inaisha kabla ya ile ya Goreti. Yaani wewe uondoke, na mimi nibaki mikono mitupu? Nikasema huwezi kuondoka bila gauni lako la kitenge. Cherehani ya fundi ikaharibika. Kisha uzi ukaisha. Ukaisogeza tiketi. Kisha fundi akaenda msibani Bugarama, na jioni hiyohiyo akapita mbele ya nyumba yetu na baiskeli, akatusalimia wote wawili kwa majina.

Kesho yake uliingia jikoni umelivaa gauni.

"Mama, iko tayari tangu juzi," ukasema. "Unaogopa nini?"

Nikakusimulia habari ya mama yangu na kuku zake. Ulikaa kwenye kigoda, ukachukua maharage ukaanza kuchambua nami, ukitupa mazima na kuacha mabovu, na sikukusahihisha. Nilipokusindikiza stendi nilijua nimeachia kitu pekee nilichokuwa nimeshika. Iliniuma, nakuambia kweli.

Sasa habari yenyewe. Goreti amerudi. Alichelewa: siku yake ya kurudi ilifika wewe ungali njiani, na siku hizo za kuchelewa sikulala wala sikuuza mawese. Alipoingia nilimkagua kama mtoto mchanga, ndipo nikauliza kilichomchelewesha. Akasema ni koti lake. Mama yako alilipeleka kwa fundi kushona kifungo, na fundi akawa leo mgonjwa, kesho amefunga duka. Koti likapatikana jioni ileile ulipofungua mlango wa kwenu na kuweka begi chini.

Nilicheka, Elise, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Kisha nikalia, jirani akabaki hajui afuate lipi. Kumbe muda wote ule mwanamke mwenzangu alikuwa amemshika wangu kwa hofu ileile, na theluji yake yote nje.

Mwambie hatudaiani. Mwambie pia akuruhusu tena, kwa muda mfupi tu. Nimeliandika neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe. Kuku nakuangalizia.

Urakoze, asante sana, mwanangu.

Mama yako wa Rumonge, mmoja kati ya wengi