Joyce wa Babati

Maji ya Chai, 3 Juni 2024

Mpendwa binti yangu Penina,

Salamu nyingi zikufikie huko Olasiti. Sisi huku mlimani hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto na ndama mmoja anayeharisha. Natumaini kazi inaendelea na unakula, maana mara ya mwisho ulikuja umekonda mpaka nikaogopa.

Naandika kwenye karatasi na kumpa Anaeli anayepeleka ndizi sokoni Arusha, kwa sababu simu yangu inachezewa na kila anayepita hapa nyumbani, na hili si la kusomwa na wajukuu. Mama yako mdogo Magreth ana miaka mitatu kaburini. Nimechoka kula peke yangu. Nilipomwambia mwanangu Emmanuel alicheka, basi nikaamua kujitafutia mwenzangu mwenyewe kwenye mtandao.

Mwanangu, nimeona uchafu! Tovuti ya kwanza ilikuwa na picha ya moyo na mstari wa Biblia. Sijamaliza kuandika jina, msichana wa umri wako ananiuliza nimevaa nini. Nimevaa nini! Nilikuwa na koti la mvua, natoka kukamua. Ya pili walitaka nilipe kwanza ndipo nifunguliwe "chumba cha watu wazima." Nilizima simu nikaenda kunawa mikono kwa sabuni. Mimi ni mzee wa kanisa.

Wewe ulisema unafanya huduma kwa wateja, kwenye kompyuta. Bila shaka unazijua zilizo safi. Nifundishe kuchagua, kama mama yako mdogo alivyokufundisha kuchambua maharage.

Baba yako mdogo,
Aminieli


Olasiti, 9 Juni 2024

Shikamoo baba mdogo,

Mimi ni mzima, na ninakula. Pole kwa goti. Anaeli amenipa barua yako, na mkungu wa ndizi nimeupata, asante sana.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Ukweli ni kwamba hiyo biashara inanuka. Kama ungeniuliza ningesema uache kabisa, lakini nakujua, hutaacha. Basi sikiliza. Tovuti inayokutoza kwa kila ujumbe unaoutuma, ikimbie, maana wao wanafaidi wewe ukiandika, hawafaidi ukioa. Mwanamke anayejibu saa zote, asubuhi, mchana, Jumapili wakati wa ibada, huyo si mtu mmoja. Mwombe aonekane kwenye video. Akiwa na sababu leo na kesho, mwache. Na uangalie kama anakumbuka ulichomwambia wiki iliyopita. Matapeli wana watu wengi wa kudanganya, wanasahau.

Ila kwa nini usimsalimie tu yule mama wa kwaya anayekuletea maziwa mgando? Huyo anaonekana bure.

Mwanao,
Penina


Maji ya Chai, 20 Julai 2024

Penina mwanangu,

Bwana asifiwe. Ndama amepona. Huku baridi ni kali, mlima hatujauona wiki nzima kwa ukungu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya furaha, usinikasirikie.

Nimempata! Anaitwa Joyce, nesi wa Babati, amefiwa na mume. Nimempata kwenye tovuti ya Wenza wa Kweli, na nimempima kwa vipimo vyako. Wanatoza kidogo kwa ujumbe, hilo kweli, ila mimi naandika ujumbe mmoja mrefu kama barua, na salamu zake, na tarehe. Video nilikataa mwenyewe, naona aibu kujitazamisha. Lakini kukumbuka! Joyce anakumbuka kila kitu. Anamtaja ndama kwa jina. Anakumbuka mpaka siku Magreth alipolazwa.

Na kuna jambo lililonimaliza nguvu. Mwishoni mwa Juni, tulipokuwa tumeanza tu, nilimwambia miguu inaganda zizini. Akanijibu, "Jaza majani makavu ya mgomba kwenye mabuti, miguu ilale sebuleni." Penina! Nani mwingine duniani aliwahi kusema hivyo zaidi ya mama yako mdogo? Nilikaa kwenye ndoo nikalia. Nikajua huyu ameletwa.

Ijumaa tarehe 2 Agosti naenda Babati na wazee wawili wa kanisa, Eliasi na Yiamat, kumuulizia kwa heshima. Joyce amesema nitamkuta hospitali. Emmanuel amemcheka Joyce na hataki kuzungumza nami, lakini mchungaji ameshaniombea.

Baba yako mdogo mwenye furaha,
Aminieli


Olasiti, 28 Julai 2024

Shikamoo baba mdogo,

Nasali barua hii ikukute mzima na ikukute nyumbani. Usiende Babati. Hakuna Joyce.

Huduma kwa wateja ninayofanya ni hii hii. Tuko kumi na wanne kwenye vyumba viwili, ghorofa ya pili, mapazia yamefungwa. Wenza wa Kweli ni sisi. Zile nyingine zilizokukirihisha, yenye mstari wa Biblia na ile ya chumba cha watu wazima, nazo ni sisi. Joyce ni picha ya mtu asiyejua kama picha yake iko huku. Mchana Joyce huwa Sankale, mwanaume mwenye ndevu, anakuandikia "mpenzi" huku anatafuna mishikaki na mafuta yanadondokea kibodi. Asubuhi huwa yeyote aliye na nafasi. Kila mteja ana kadi yake, na kila anachosema kinaandikwa hapo ili anayeingia zamu asipotee. Ndiyo maana Joyce hasahau. Mimi nilikwambia mtu anayekumbuka ni wa kweli, na nilikuwa nakaa mbele ya hizo kadi. Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Baada ya barua yako nilifungua kadi yako. Jina ulilojiandikisha ni Mtulivu. Imeandikwa: "Mkulima, Meru. Mke Magreth, saratani, alimuuguza mwenyewe. Akitaka kuondoka, mguse hapo." Nimeisoma mara nyingi.

Yale maneno ya majani ya mgomba ni yangu. Siku hiyo kadi ilikuwa bado tupu, mtu fulani analalamika miguu, nami nilikuwa na wanaume wengine arobaini wanaongoja. Niliandika kilichonijia bila kufikiri. Yalikuwa ya mama mdogo, niliyasikia kila Julai tangu mliponichukua kunilea. Ni huo ujumbe mmoja tu niliokuandikia, naapa.

Lakini kuna jingine, nalo nalisema ili usilisikie kwa mtu. Sankale alikuwa anatusomea kwa sauti ujumbe wa mzee mmoja anayeandika salamu na tarehe kama barua. Ofisi nzima ilikuwa inacheka. Na mimi nilicheka. Nilicheka bila kujua ni wewe, ila nilijua ni baba wa mtu.

Najichukia. Ijumaa iliyopita niliacha kazi.

Mwanao,
Penina


Maji ya Chai, 11 Agosti 2024

Penina,

Barua yako nimeipata Jumamosi tarehe 3, jioni, tumesharudi. Anaeli alikwenda msibani kwao, akakaa huko na barua yako kwenye kikapu. Hana kosa. Wewe una namba yangu. Ulijua siku, ulijua mahali, ukachagua karatasi kwa sababu karatasi haikupigii kelele. Hilo limenichukiza kuliko kucheka kwenu.

Acha nikueleze safari. Eliasi alivaa suti aliyofungia ndoa yake. Yiamat alibeba mkungu begani toka stendi mpaka getini kwa hospitali. Tuliuliza kwa mlinzi, akatupeleka kwa matroni, mama mpole sana, akafungua daftari la watumishi mbele yetu. Walikuwepo akina Joyce watatu. Aliwaita wote. Walikuja mmoja mmoja na kofia zao, wakatuamkia, na kila mmoja mimi nasimama, namtazama usoni, natikisa kichwa. Wa tatu alikuwa na mimba. Ndipo nilipoona Eliasi ameinamia viatu vyake, nikajua ameshaelewa.

Nilitoka nje nikajifanya napiga simu. Niliporudi niliwaambia Joyce amefariki. Ajali, nikasema, wiki hii, na hapo hospitali hawamjui kwa sababu alikuwa wa zahanati ya mbali. Mzee wa kanisa, miaka kumi na tisa, nilisema uongo huo bila kutafuna. Wakanishika mikono. Ule mkungu tukamwachia matroni.

Sasa nipo msibani, Penina. Wamekuja watu na unga, na sukari. Mama wa kwaya uliyenitania naye alikuja na jumuiya nzima, wakaimba hapa uani. Emmanuel amenipigia akilia, anaomba msamaha kwa kumcheka mtu aliyekufa. Siwezi kumwambia kitu. Nikimwambia, lazima nikutaje.

Leo ibadani mchungaji aliwaomba washarika wasimame kwa ajili yangu, ndugu yetu aliyeondokewa na mwenzi kwa mara ya pili. Walisimama wote. Nilitaka kuona kinyaa, nilikuwa nimejiandaa kuona kinyaa. Badala yake nililia mpaka Eliasi akanitoa nje, na sikuwa naigiza.

Kuacha kazi umefanya vema. Ila usije nyumbani kwa sasa. Ukija watakupa na wewe pole, mmoja baada ya mwingine, na sitaweza kukaa pale nikikutazama unaipokea.

Baba yako mdogo,
Aminieli