Mkopo wa Kuezeka

Mjukuu wangu Kulwa,

Mwangaluka. Huku Bariadi tu wazima, mama yako yuko kwenye palizi ya pamba. Unauliza kama uachane na mkopo wa benki, maana wanakuzungusha na nyumba imeshasimama, bado paa tu.

Soko huria lilipoanza, babu yako naye aliomba mkopo wa kuezeka nyumba yetu mpya. Afisa wa benki akamwambia, "Nyumba isiyo na paa haifai kuwa dhamana."

Babu yako akajibu, "Ingekuwa na paa, ningefuata nini hapa?"

Tukauza ng'ombe, tukaezeka chumba kimoja, tukahamia na watoto. Baadaye afisa alikuja kukagua, akasema sasa tunaweza kukopeshwa. Babu yako alimkaribisha ugali, mkopo akaukataa. Vyumba vingine vilinyeshewa miaka mingi.

Mimi ningekubali, ila hakuniuliza. Wewe zungumza na mkeo kwanza.

Bibi yako